Kabla hujanunua kichupa cha homoni kwa ajili ya alizeti

Kila mvua ikianza kusuasua huku kanda ya kati kuna biashara moja inachangamka. Unaenda mnadani unakuta jamaa katandika turubai, kapanga vichupa, spika inapiga kelele "dawa ya ukame hiyo, alizeti haikauki, pulizia mara moja tu", na watu wananunua, tena watu wanaojua kulima kuliko mimi na wewe. Mjomba wangu yuko Ikungi, Singida, ana ekari zake za alizeti, akanipigia simu: "Mjomba, we ndo umesoma, hebu niambie, hii homoni ni mbolea, ni dawa ama ni nini?" Nikaanza kumweleza, salio likakata katikati, na kiukweli hili jambo halikai kwenye simu. Ndo maana naandika.

Sio mbolea, na maji ndo kabisa sio. Homoni ya mmea ni kemikali ambayo mmea wenyewe unaitengeneza, kwa kiasi kidogo mno, ili sehemu moja iipe nyingine taarifa. Mzizi unaliambia jani hali ya udongo ikoje, jani linaambia kichwa kianze kufunga maua au kisubiri. Ukipulizia homoni kutoka nje hujaulisha mmea kitu chochote, umeupa agizo tu. Shika hapo, maana kila ninachosema huko mbele kinatoka hapo: agizo zuri linasaidia pale ambapo bado kuna kitu cha kugawana, udongo ukishakuwa mkavu mpaka chini hata uagize namna gani hakuna wa kutekeleza.

Kwenye ukame homoni yenye jina kubwa ni asidi ya absisiki, wenyewe wanafupisha wanaiita ABA. Iligundulika miaka ya 1960 na kinachonifurahisha ni kwamba hakuna aliyekuwa anashughulika na ukame. Marekani kina Frederick Addicott walikuwa wanahangaika kujua kwanini vitumba vya pamba vinadondoka vikiwa vichanga, Uingereza Philip Wareing na wenzake wanatafuta kinachofanya miti ilale baridi ikija, mwisho wa siku ikaonekana wote wameshika kitu kilekile. Kuhusu ukame ikaja kujulikana baadae. Inavyofanya kazi ni hivi: udongo ukianza kukauka ABA inapanda ndani ya mmea, inafika kwenye vile vitundu vya jani tulivyofundishwa shuleni vinaitwa stomata, kila kitundu kina seli mbili zimekikumbatia, sasa ABA ikifika zile seli zinaachia potasiamu itoke, maji yanaifuata, seli zinanywea, tundu linafungwa. Mvuke unaacha kutoka. Maji yaliyoko chini yanadumu siku kadhaa zaidi.

Sasa alizeti yetu ina tabia moja ambayo lazima uijue. Kwa chini ni hodari sana, mzizi mkuu unaweza kushuka mita 2 kama udongo hauna tabaka gumu, na hapo ndo ilipopata sifa ya kuvumilia ukame. Ila kwa juu ni mfujaji, haina haraka ya kufunga stomata kama mimea mingine, inaendelea kunywa tu na kupumua kana kwamba mvua inakuja kesho. Mvua ikija kweli, inawahi kuliko wenzake wote. Isipokuja, inaishiwa ghafla, tena mara nyingi inaishiwa wakati wa kichwa. FAO, lile shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wanasema alizeti inataka milimita 600 mpaka 1,000 za maji kwa msimu, na sisi huku Singida na Dodoma tuna msimu mmoja tu wa mvua, miaka mingi hata hiyo 600 tunaipata kwa shida, na inayokuja haijagawanyika vizuri, inaweza kumwagika nusu yake ndani ya wiki mbili alafu kimya.

Kwahiyo wazo la kupulizia ABA lina mantiki. Unaiambia alizeti ibane matumizi mapema, kama mama mwenye nyumba anayeanza kupunguza kibaba wakati ghalani bado kuna madebe, sio anasubiri abaki na pishi moja ndo aanze kubana. Kitaalamu hilo ni sahihi kabisa na sina ugomvi nalo.

Ila kuna gharama ambayo muuza vichupa haisemi. Tundu likifungwa maji hayatoki, sawa, lakini na hewa ya kaboni haiingii, na bila hiyo jani halipiki chakula. Alafu ule mvuke ndo unaopoza jani, ukiuzuia saa saba mchana kwenye jua la huku jani linachemka. Kwahiyo ukiibana alizeti wiki ambayo mvua ingenyesha kama kawaida, umeidhulumu bure. Juu ya hapo ABA yenyewe ni bidhaa nyepesi kuharibika, mwanga wa jua unaibadilisha, na mmea nao unaivunja haraka, na bei yake ni ya mazao ya pesa ndefu, huko duniani wanaipulizia kwenye zabibu za mezani ili zipate rangi. Ukisikia mtu anakuuzia ABA kwa bei ya soda mbili, muulize vizuri. Wanasayansi wanajua hilo tatizo, ndo maana 2009 walipopata protini ambazo ABA inashikia kwenye mmea, kundi la Sean Cutler pale chuo kikuu cha California, Riverside, likaanza kutafuta kemikali za kuigiza ABA zinazodumu zaidi, na 2019 wakatangaza moja inaitwa opabaktini. Nzuri sana, ila haiko mnadani Ikungi, usidanganyike.

Inayofuata ni asidi ya salisiliki, na hii ndo ningependa watu waijue zaidi kwa sababu ni rahisi kwa bei na inajulikana, ni ndugu wa aspirini hizi za kichwa. Kwenye mmea kazi yake kubwa ni kinga dhidi ya magonjwa, lakini kwenye ukame inasaidia kwa njia nyingine: jani likikosa maji huku jua linawaka, ndani yake zinazalishwa kemikali kali za oksijeni zinazounguza seli, salisiliki inaamsha vimeng'enya vya kuzizima. Watafiti wa Faisalabad, Pakistan, ambako na wao wana jua na shida ya maji kama sisi, waliipulizia kwenye alizeti chotara iliyokatiwa maji wakati wa vitumba na wakati wa maua, na waliona iliyopuliziwa inajaza mbegu vizuri kuliko isiyopuliziwa. Angalia nilivyosema: kuliko isiyopuliziwa. Haikufikia ile iliyopata maji yake yote. Hii tofauti inamezwa sana kwenye matangazo. Unaokoa sehemu ya kilichokuwa kinapotea, basi.

Vipimo vyake ni vidogo kiasi cha kuchekesha. Kiwango kinachotumika sana kwenye majaribio ni kati ya nusu milimola na milimola 1 kwa lita, ukiigeuza kwa gramu, milimola 1 ni kama miligramu 138 kwa lita, maana yake bomba la lita 15 linataka gramu 2 tu na kidogo. Ekari nzima, ukitumia lita 150, ni kama gramu 21. Na ukisema "ngoja niongeze ishike" unaunguza majani, tumeshaona hiyo na dawa nyingine, mtu akizidisha homoni mmea unapokea agizo tofauti kabisa. Haiyeyuki kirahisi kwenye maji ya baridi, kwenye maabara wanaianzia kwenye spiriti kidogo ndo wanaongeza maji. Mizani ya duka la nyama haipimi gramu 2, kwahiyo kama huna pa kupimia usianze.

Hadithi ninayoipenda kuliko zote ni ya brasinosteroidi, kundi jingine la homoni za mmea, na inahusu zao la mafuta kama alizeti. Kule Marekani watafiti wa idara ya kilimo walikuta chavua ya rapa, ule mmea wa mafuta wa ukoo wa kabichi na sukuma wiki ambao kanola imetoka humo, ina kitu kinachokuza mimea kwa namna ya ajabu. Ili kukipata wakakusanya chavua iliyobebwa na nyuki, kama kilo 227, wakaichuja na kuichuja mpaka wakabaki na miligramu 4. Nne! 1979 ndo wakatangaza muundo wake, wakaiita brasinolaidi. Fikiria nyuki wangapi wamefanya kazi pale. Siku hizi kuna aina za kutengenezwa kiwandani, na zimejaribiwa sana kwenye kanola, soya na mazao mengine yakiwa kwenye ukame, zinasaidia mmea kuendelea kutengeneza chakula na kulinda utando wa seli. Dozi yake ni sehemu ndogo ya miligramu kwa lita. Hapo nikirudi kwenye vile vichupa vya mnadani: kama lebo imeandika "ina homoni" bila kutaja homoni ipi na ni miligramu ngapi kwa lita, hicho ni kichupa cha maji ya rangi mpaka kithibitike vinginevyo. Na nyingi zinazoitwa busta ni mbolea ya majani tu. Sio vibaya, alizeti ina njaa sana ya boroni kwa mfano, ikikosa boroni kichwa kinaharibika na mbegu zinatoka pepe, kwahiyo mtu anapulizia busta yenye boroni kichwa kinajaa, anasema homoni imefanya kazi dhidi ya ukame. Hapana, umelisha njaa.

Najua kuna mtu ashaanza kuuliza kuhusu mlonge. Ndio, na mimi naupa heshima yake. Majani ya mlonge yana zeatini, moja ya homoni za kundi la saitokinini ambazo zinalifanya jani lisizeeke haraka, na ukame unazeesha majani kabla ya wakati, yale ya chini yananjanoka yanadondoka. Hao hao wa Faisalabad wameufanyia kazi sana: unachukua majani machanga, unayatwanga au kuyasaga na maji kidogo, unakamua kwenye kitambaa safi, kile kijuisi unachanganya sehemu 1 kwa sehemu 30 za maji. Unachuja tena vizuri maana vinginevyo nozeli itaziba utatukana. Unapulizia siku hiyohiyo, usiilaze, inachacha. Shida yake ni kwamba mti na mti haufanani, majani ya leo na ya mwezi ujao hayana nguvu sawa, kwahiyo matokeo yanayumba. Ila gharama yake ni jasho lako na la watoto, na kama ukikosea kidogo haiunguzi kama salisiliki.

Sasa tuje kwenye muda, hapa ndo wengi wanapigwa. Alizeti ina kipindi chake cha hatari, kama siku 20 kabla ya maua kufunguka mpaka siku 20 baada. Ukame ukiipata ikiwa na majani manne inasimama inasubiri, ikipata mvua inaendelea. Ukiipata kwenye kile kipindi, idadi ya mbegu inapungua na zilizobaki hazijai, na mafuta nayo yanashuka. Kwahiyo kama unapulizia, pulizia pale kitumba kinapoonekana katikati kama nyota, udongo ukiwa bado na unyevu chini, na utabiri unaonyesha siku kavu zinakuja. TMA, mamlaka yetu ya hali ya hewa, wanatoa utabiri wa siku 10, ufuate, hata kama majirani wanakucheka. Mtu wa kawaida anafanya kinyume: anasubiri majani yalegee ndo anakimbilia duka la pembejeo. Angalia alizeti yako alfajiri. Ikilegea saa nane mchana alafu asubuhi imesimama, bado ina maji chini, una cha kuokoa. Ikiamka asubuhi bado imelegea, hela yako weka mfukoni, jani la namna hiyo hata kupokea dawa linapokea kwa shida.

Mjomba aliposikia lita 150 kwa ekari akanyamaza, alafu akasema, "Mjomba, hayo maji ya kupulizia nayatoa wapi wakati tatizo lenyewe ni maji?" Swali la mkulima. Lita 150 ni madumu nane ya lita 20, bado yanabebeka, punda mmoja na dogo mmoja na nusu siku. Lakini hesabu yake ikanifanya nipige hesabu nyingine, na hii ndo inayoniweka upande niliopo. Milimita 1 ya mvua kwenye ekari moja ni kama lita 4,000. Mvua moja ya nguvu ya milimita 30, na huku kwetu zipo kila msimu, shamba likiwa tambarare limechapwa na jua juu limeganda, sehemu kubwa inakimbilia korongoni. Ukizuia milimita 10 tu zisikimbie umehifadhi lita 40,000, madumu 2,000, kwa ekari, na hizo zimeingia zenyewe kwenye mzizi bila punda. Hakuna kichupa duniani kinachofanya hivyo. Unazizuia kwa matuta yaliyofungwa, yaani unaweka vikinga kati ya tuta na tuta maji yasitembee, au kwa kuvunja lile tabaka gumu chini kabla ya msimu, au mashimo ya Chololo ambayo yametokea hapohapo kijiji cha Chololo, Dodoma, wala sio teknolojia ya kuletewa na ndege.

Na kubana matumizi ambako tunaiagiza alizeti kwa homoni, tunaweza kukufanya kwa jembe. Alizeti ikisimama miche mitatu kwenye shimo moja, wote watatu wanakunywa kisima kimoja. Punguzia ibaki mmoja, sentimita 75 kwa 30, ukiwa bado mapema. Palilia, maana magugu nayo yana stomata na hayapokei agizo lako. Nawaona watu wanapulizia busta kwenye shamba lenye magugu ya magotini, ile ni kuchangia magugu.

Msimamo wangu basi: homoni ni ya mtu ambaye ameshafanya hayo, kapanda kwa wakati, mbegu yake imethibitishwa, udongo wake umeshika maji, na anataka kuvuka ukame wa wiki mbili tatu katikati ya msimu. Huyo inaweza kumlipa. Aliyepanda amechelewa kwenye udongo mtupu akitegemea kichupa, atapoteza alizeti na hela ya kichupa. Na hela hiyo sio ndogo ukikumbuka bei ya alizeti ilivyotuyumbisha miaka hii, 2023 watu waliuza kwa kulia.

Kuna kitu kimoja lazima nikiseme hapa kwa sauti kubwa. 2,4-D, ile dawa ya kuua magugu ya majani mapana tunayopiga kwenye mahindi na mpunga, na yenyewe ni homoni. Ni oksini ya kutengenezwa, yaani homoni ya kukuza mmea, inaua kwa kuupa mmea maagizo ya kukua hovyo mpaka unajinyonga. Nyasi kama mahindi zinaimudu, alizeti haiimudu hata kidogo, ni kati ya mimea inayoumia nayo haraka sana. Sasa kijiji kizima kinaazimana bomba moja. Jana limepiga 2,4-D kwa jirani, limesuuzwa mara moja kisimani, leo unatia homoni yako ya ukame unapulizia alizeti, kesho kutwa shina limejipinda majani yamejikunja kama ngumi, unalaumu muuza kichupa. Hapo kwa mara ya kwanza hana kosa. Tafuta bomba lisilojua 2,4-D kabisa. Na jirani akipiga yake upepo unaelekea kwako, mwombe asubiri utulie.

Nyuki pia. Alizeti bila nyuki ni vichwa vya mapambo, kwahiyo maua yakishafunguka usipulizie kitu chochote asubuhi wakiwa kazini, subiri jioni warudi kwenye mizinga. Jioni ni bora hata kwa dawa yenyewe, jani linakaa limelowa muda mrefu, mwanga hauiharibu. Tone dogo sana la sabuni ya maji kwenye bomba linasaidia ishike, kidogo, sio povu la kufulia.

Ukiamua kujaribu, jaribu kwa akili. Usipulizie shamba zima. Acha mistari kadhaa hujaigusa, na mistari mingine pulizia maji matupu na ile sabuni, shamba hilohilo, udongo uleule, mbegu ileile, tena usiitenge pembeni, ichanganye katikati. Maji matupu ni muhimu kwa sababu jani lililolowa jioni linafurahi hata bila homoni, usije ukaipa homoni sifa ya maji. Weka alama kwa vijiti watoto wasing'oe. Ukivuna, kila kundi na gunia lake, na usiishie kwenye mizani, kwa sababu alizeti iliyopigwa na ukame inaweza ikajaza gunia vizuri tu alafu mafuta hakuna. Peleka mashineni, uwaambie wakamue moja moja, wasichanganye, upime lita za kila gunia na mashudu yake. Wenye mashine watalalamika unawachelewesha, wape hata buku la ziada, ni rahisi kuliko kununua vichupa vya msimu mzima.